Ukiambiwa Nauli Ilikuwa Rahisi, Uliza ya Lini

Wiki ya pili ya Januari kijiwe chetu cha kahawa hapa Picha ya Ndege, Kibaha, hujaa tena. Waliokwenda Moshi kuhesabiwa na ukoo wamerudi. Waliokwenda Mwanza na Mbeya wamerudi. Yupo na yule aliyevuka kwenda Unguja siku tatu tu, lakini anasimulia kama aliyetoka Maka. Kila mmoja ana mambo mawili ya kuanza nayo: alilipa kiasi gani, na aliugua nini. Habari za harusi, misiba na kiwanja cha urithi huja baadaye, kwenye kikombe cha tatu.

Jina la mtaa wetu ni utani wa siku zote. Konda akipaza sauti "Picha ya Ndege, mpo wa kushuka?" kuna mzee hapa hujibu, "Picha tunayo, ndege yenyewe ndiyo bado." Siku hizi lakini wanaopanda wameongezeka, na wasiopanda bado wanataka kujua bei. Hapo ndipo mambo huharibika, kwa sababu habari ya safari ikishapita midomo miwili huwa imebaki bei tupu na jina la dawa, basi.

Mimi niliponzwa na habari ya namna hiyo. Nilitaka kwenda Mwanza, nikamuuliza jirani yangu, mwalimu mstaafu, mtu ambaye sijawahi kumsikia akisema uongo. "Ndege ya Mwanza? Mimi nilipanda kwa elfu thelathini na mbili, na kodi kidogo juu yake." Nikatia laki moja mfukoni, nikijiona na chenji ya kununulia sato, nikaenda kwa wakala. Binti wa kaunta alinisikiliza kwa adabu zote, akaniuliza, "Baba, hiyo bei umeipata wapi?" Niliporudi kumbana mwalimu ndipo akakumbuka: alipanda Fastjet, zile siku za mwanzo. Fastjet ilianza kuruka kutoka Dar es Salaam mwishoni mwa Novemba 2012, ikienda Mwanza na Kilimanjaro, na nauli yake ya kutangazia biashara ilikuwa ndiyo hiyo, 32,000 kabla ya kodi na tozo. Mwisho wa 2018 ikaacha kuruka. Mwalimu hakuwa amesema uongo. Alichosahau kusema ni mwaka.

Basi tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa mtu anayenipa bei ni "ya lini?" Na la pili ni "ulikata lini?", ambalo watu wengi hulidharau. Tumezoea basi. Nauli ya basi la mkoani ina kikomo kilichowekwa na LATRA, na mpiga debe akikuongezea Desemba anakuibia, unaweza kumshitaki. Ndege haiendi hivyo. Viti vya nyuma vyote vinafanana, lakini kampuni huvigawa kwenye mafungu ya bei: vichache vya bei ya chini kabisa, vingine vya kati, na vya mwisho vya bei ya kukutoa machozi. Fungu la chini likiisha, linalofuata linafunguka. Kwa hiyo watu wawili waliokaa kiti kwa kiti, wakila karanga zile zile, mmoja anaweza kuwa amelipa mara mbili ya mwenzake, na wote wawili wakirudi kijiweni watasema kweli. Aliyekata Septemba kwa safari ya Desemba 20 na aliyekata Desemba 15 hawana habari moja ya kutupa.

Kuna jambo jingine linalotokana na mafungu hayo, na limeniokolea pesa kuliko yote. Ukitafuta tiketi za watu wanne kwa pamoja, na kwenye fungu la bei ya chini vimebaki viti viwili tu, mara nyingi mfumo hauwapi wawili bei ya chini na wawili bei ya juu. Unawatafutia wote wanne fungu lenye nafasi nne, yaani la juu. Jaribu kwanza kutafuta ya mtu mmoja, uone bei. Kisha wawili. Kisha wanne. Bei ya kichwa ikiruka ghafla, umelipata jibu: kata wawili wawili. Kasoro yake ni kwamba mtakuwa na namba mbili za tiketi, na safari ikivurugika mtashughulikiwa kama familia mbili. Ukiwa na watoto wadogo, hakikisha kila namba ina mtu mzima.

Ndiyo maana namuuliza msafiri pia, "mlikuwa wangapi?" Mke na mume wasio na watoto watapata bei ambayo baba wa watoto watano haioni hata kwa darubini.

Halafu mwelekeo. Kabla ya Krismasi watu wa Dar na Pwani wanapanda kwenda bara; baada ya mwaka mpya wanashuka. Ndege inayokwenda KIA, uwanja wa Kilimanjaro, Desemba 22 imejaa pomoni, na ile ile ikirudi jioni kwa kawaida ina nafasi. Familia yetu tuligundua hili kwa bahati tu, bibi alipokataa kutusubiri akasema anakuja mwenyewe. Tiketi yake ya kushuka ilikuwa nafuu kuliko ya yeyote kati yetu ambaye angepanda, na ilikuwa moja badala ya sita. Kama lengo ni kumwona bibi, fikiria kumleta bibi Kibaha. Kama lengo ni kuhesabiwa, hapo sina msaada, inabidi uende ukahesabiwe.

Sasa swali ambalo huumiza watu uwanjani: "ilijumuisha nini?" Nauli ya kwenye tangazo huweza kuwa kabla ya kodi na tozo za uwanja, na huweza kuwa ya mzigo wa mkononi peke yake. Zile nauli za Fastjet nazo zilikuwa hivyo, begi la kuweka chini ya ndege ulililipia kivyake, na wapo waliojua hilo wakiwa tayari kwenye foleni. Sisi watu wa Pwani hatusafiri mikono mitupu. Kwenda tunabeba nazi, korosho, na mihogo mikavu aliyoagiza shangazi. Kurudi tunabeba viazi, maparachichi, mkungu wa ndizi uliokatwa vichana, sato waliokaushwa. Ukimsikia mtu anasema ndege imelishinda basi kwa unafuu, muulize alirudi na nini. Akijibu "begi la mgongoni tu," huyo si mwenzako.

Pima mzigo nyumbani. Mizani ya duka la nafaka inatosha, muuza unga hakatai, na hapo ndipo utaamua kama ndoo ya dagaa inastahili kulipiwa kilo za ziada au iende kwa basi kama kifurushi, ukaipokee stendi kesho yake. Samaki wafungwe mara tatu na waingie kwenye boksi gumu, kwa sababu maji ya samaki yakivuja kwenye mabegi ya wenzako kesi hiyo haina wakili. Betri ya kuchajia simu usiiweke kwenye begi la chini, huwa inatakiwa mkononi. Na dawa za presha au sukari za mzee wako vivyo hivyo, zikiwa kwenye pakiti zake. Begi huweza kuchelewa siku moja. Presha haingoji.

Jumla ya safari ya mtu wa Picha ya Ndege haianzii uwanjani, inaanzia hapa kituoni. Ndege ya saa 12 asubuhi ina bei nzuri kwa sababu watu wa mbali wanaikimbia, na sisi ndio watu wa mbali wenyewe. Unatakiwa uwanjani saa 10 alfajiri, maana yake kutoka hapa saa 8 na nusu usiku, saa ambayo daladala ni za kubahatisha na mwenye gari atakutajia bei anayoitaka. Weka hiyo kwenye hesabu kabla hujaisifu tiketi. Mchana una njia mbili. Moja ni ya wote: Kibamba, Mbezi, Kimara, Ubungo, kisha Mandela hadi Tazara na kukunja kulia. Upanuzi wa kilomita 19.2 kutoka Kimara hadi Kibaha umetupunguzia adha upande wetu, lakini ukivuka Kimara unarudi kwenye Dar es Salaam ile ile. Ya pili ni kushuka Mbezi na kukata Malambamawili, Kinyerezi, utokee Banana, ambapo uwanja wa ndege unauona kwa macho. Wenye mabegi makubwa wanaijua. Wengine huambiwa wakiwa wamechelewa.

Uliza pia jengo. Tangu Agosti 2019 safari za nje zinatumia jengo la tatu, na za ndani nyingi zinaondokea jengo la pili, na kati ya hayo mawili si mwendo wa kutembea na ndoo kichwani. Na upande wa pili wa safari kuna nauli yake. KIA iko Hai, katikati ya Moshi na Arusha, si Moshi wala Arusha. Songwe iko nje ya jiji la Mbeya. Anayekwambia "nilifika kwa saa moja" amehesabu angani tu.

Na kwa baadhi ya safari, ndege isikuvimbishe kichwa. Morogoro na Dodoma siku hizi ni treni. SGR ilipoanza kubeba abiria Juni 2024 nauli ya kawaida ya Dar hadi Morogoro ilikuwa 13,000, na ya Dodoma iliyofuata mwezi Julai 31,000. Stesheni ya Soga iko wilayani kwetu Kibaha. Angalia tu ratiba, si kila treni husimama hapo.

Neno moja kuhusu mawakala, kwa haraka. Tiketi ya kweli ina namba ya uhifadhi, herufi na tarakimu jumla sita. Kabla hujamaliza kulipa, au mara tu baada ya kulipa, iingize wewe mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni ya ndege, au ipigie kampuni, uone jina lako limo. Jina liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho chako cha NIDA. Ukikatiwa kama Mama Fulani utabaki Mama Fulani wa nje ya geti. Na mtu akikutumia ujumbe kwamba nauli imeshuka leo tu na hela uitume kwenye namba hii, unawajua hao, ni ndugu wa wale wa "ile hela tuma kwa namba hii."

Tuje kwenye kuugua, ambako kijiwe chetu kina madaktari kuliko Hospitali ya Tumbi.

Msafiri akirudi utamsikia: "maji ya huko yalinikataa," "hali ya hewa ilinikataa," "masikio yaliziba siku mbili." Mengi ni madogo na yana dawa ndogo. Masikio huuma zaidi ndege inaposhuka kuliko inapopanda, kwa sababu hewa ya nje inaongezeka mgandamizo na kile kijia kinachounganisha sikio na koo kinachelewa kufunguka. Kumeza mate hukifungua. Kwa hiyo weka kitu kinywani rubani anapotangaza kushuka: pipi, chingamu, hata ubuyu. Mtoto mchanga mnyonyeshe wakati huo huo, na usimwache alale mpaka chini. Ukiwa na mafua makali kile kijia kimeziba tayari. Kama safari inaweza kusogezwa, isogeze, kama haiwezi, muulize mfamasia dawa ya kufungua pua kabla ya kuondoka.

Kichefuchefu cha kona za Kitonga, au za kupanda Lushoto kutoka Mombo, hakitokani na ushamba kama konda anavyodai. Macho yanaona kiti kilichotulia wakati masikio yanahisi kuyumba, ubongo unachanganyikiwa. Kaa mbele, tazama mbali nje, acha simu. Kula kidogo, usiache tumbo tupu. Tangawizi huwasaidia wengi. Vidonge vya kuzuia kutapika humezwa kabla ya safari, si baada ya mfuko wa kwanza, na baadhi husinzisha, dereva asiviguse. Miguu kuvimba baada ya kukaa siku nzima hadi Mwanza ni kawaida, inuka kila basi linaposimama. Lakini mguu mmoja tu ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, hilo si la kijiweni, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Tumbo la kuendesha linahitaji maji na chumvi kabla ya kidonge chochote. Pakiti mbili za ORS kwenye begi hazina uzito. Ukikosa, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Damu ikionekana, au mtoto akilegea, acha kuchanganya, tafuta kituo cha afya.

Homa ndiyo inayonifanya niandike. Jamaa mmoja wa hapa alishikwa na homa siku ya tatu akiwa Marangu. Ndugu wakasema ni baridi, wakamfunika mablanketi, wakampa mtori. Kumbe ni malaria, aliyotoka nayo huku Pwani. Vimelea huchukua siku 7 au zaidi mwilini kabla homa haijaanza, mara nyingi wiki mbili hivi, hivyo homa ya siku ya tatu ugenini uliondoka nayo nyumbani. Kiwanda cha viuadudu vya kuangamiza viluwiluwi vya mbu kipo hapa hapa Kibaha, lakini inaonekana mbu wetu hawajapata taarifa. Na kinyume chake: aliyelala bila chandarua Geita au Bukoba Desemba 28 anaweza kuwa mzima wa afya kijiweni Januari 5, akachekesha watu, na Januari 12 akaanguka. Kwa hiyo mwambie mganga ulikotoka na tarehe. Yeye hawezi kuota.

Kisha pima. Kipimo cha haraka cha tone la damu kinatoa jibu kabla kahawa haijapoa. Kuna mchezo wa kupeana dawa ya mseto iliyobaki: mwenzako alimeza siku moja na nusu, akajisikia vizuri, zilizobaki amekutunzia kwa upendo. Mseto ni dozi 6 kwa siku 3. Aliyebakiza hakupona vizuri, na wewe utakayemalizia hutapona vizuri. Antibaiotiki nazo: mafua ni ya virusi, antibaiotiki hazivigusi, hata kama rafiki yako alimeza tatu "akaamka mzima." Angeamka mzima kwa chai ya limao.

Hatari zaidi ni vidonge vya maumivu. Dar es Salaam imepata milipuko ya dengue, ya 2014 na 2019 watu wengi wanaikumbuka, na sisi huenda Dar kila siku. Homa ya dengue huuma viungo na nyuma ya macho, na mtu wa kwanza kukuonea huruma atakupa diklofenaki. Diklofenaki, aspirini na ibuprofeni huweza kuzidisha kuvuja damu. Mpaka ujue una nini, panado na maji mengi. Ukifika duka la dawa muhimu, usitaje jina la kidonge cha rafiki. Taja unavyojisikia, tangu lini, na ulikuwa wapi.

Utaona ni maswali yale yale ya nauli. Ndiyo maana nilimshawishi mwenye kijiwe atundike boksi lililokunjuliwa ukutani, na kalamu kwa kamba. Anayerudi safari haanzi kusimulia kabla hajaandika: alikokwenda, alikata tiketi siku ngapi kabla, alilipa jumla pamoja na mzigo na gari la kumfikisha, walikuwa wangapi. Walioumwa wanaandika walipimwa nini, si walimeza nini. Mwanzoni walilalamika kwamba tumegeuza kahawa kuwa mtihani wa darasa la saba. Sasa wanagombania kalamu, na watu wa mtaa wa pili huja kusoma bila kununua hata kashata.

Juma lililopita mwalimu alikuja kutafuta bei ya Mwanza, mjukuu anafunga ndoa. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba." Akavaa miwani, akasogea hadi pua ikakaribia ukuta, akafuata mistari kwa kidole. Akasimama kwenye mmoja. Mahali papo, tarehe ipo, mwezi upo, kilo zipo, idadi ya watu ipo.

"Hii," akasema bila kugeuka, "ni ya mwaka gani?"

Niliutazama mwandiko. Ulikuwa wangu.